Kupaka rangi kunanipumzisha jioni, lakini bado naamka saa tisa usiku

“Daktari, habari za kazi. Mimi ni mama wa watoto watatu, nina umri wa miaka 44, ni mhasibu na ninaishi Tanga. Tangu mwaka jana namuuguza mama yangu, aliyepooza upande wa kulia baada ya kupata kiharusi. Miezi michache iliyopita mwenzangu kazini alinizawadia kitabu cha kupaka rangi cha watu wazima pamoja na penseli za rangi, nami nikaanza kupaka kila jioni kama nusu saa baada ya mama kulala. Wiki za kwanza nilijisikia mwepesi ajabu. Sasa nina maswali. Mume wangu anasema hayo ni mambo ya chekechea. Dada mmoja wa kikundi chetu cha maombi ameniambia kwamba yale maua ya duara yanaitwa mandala na ni ibada ya dini nyingine. Nimesoma mtandaoni kwamba kupaka rangi kunatibu sonona sawa na dawa. Je, ni kweli? Siku hizi rangi ikitoka nje ya mstari nakasirika mpaka nachana ukurasa. Je, naweza kumpa mama naye apake? Halafu, ingawa hili halihusu rangi, naamka saa tisa usiku hata kama mama hajaniita na silali tena, sina hamu ya kula, na kwaya sijaenda kwa miezi miwili kwa sababu sioni raha yake. Nikazane na kupaka rangi au nifanyeje?”

Dada yangu, ahsante kwa kueleza mambo yako waziwazi. Ninavyokuelewa, ulipata kitu kidogo kilichokupa nafuu jioni, watu wa karibu wakakutia shaka, nacho chenyewe kimeanza kupoteza ladha, na sasa hujui kama uongeze bidii au ukiache. Nitajibu yote, ila si kwa mpangilio ulioniandikia, na yale uliyoyaweka mwishoni ukisema hayahusu rangi ndiyo yaliyonifanya nilijibu swali lako kabla ya mengine. Nakuomba usome mpaka ufike hapo.

Nafuu uliyoipata wiki zile za kwanza ilikuwa ya kweli. Mtu anayemuuguza mgonjwa wa kiharusi huishi akiwa chonjo: mikono iko jikoni, sikio liko chumbani kwa mgonjwa. Ubongo ukishazoea kungojea jambo baya, huuweka mwili mzima katika tahadhari. Tezi zilizo juu ya figo humwaga homoni za adrenalini na kotisoli, moyo huenda mbio, misuli ya shingo na mabega hukaza, na usingizi huwa wa mang’amung’amu. Mwili umeumbwa kuistahimili hali hiyo kwa muda mfupi, mpaka hatari ipite, na kwako hatari haijapita kwa mwaka mzima. Unapokaa mahali pamoja, mkono ukienda na kurudi polepole juu ya karatasi, pumzi hushuka yenyewe bila kuilazimisha, na mfumo ule mwingine wa neva, unaotuliza moyo na kuliweka tumbo sawa, hupata nafasi ya kufanya kazi yake.

Jambo la pili hutokea katika ile sehemu ya akili inayoshika mambo ya papo hapo, ambayo wengi wetu huiita kumbukumbu tendaji. Nafasi yake ni finyu sana, mfano wa benchi la mama lishe linaloketi watu wanne: wakishakaa, wa tano hana budi kusubiri. Mawazo yanayojirudia (dawa za mama zinakwisha lini, ada ya mtoto, yale maneno ya daktari kuhusu kiharusi cha pili) yanahitaji benchi hilo ili yazunguke. Sasa ukiwa unachagua kati ya kijani cha mgomba na kijani cha bahari, jicho likifuata ukingo wa jani na vidole vikipima nguvu ya kuikandamiza penseli, benchi limejaa. Kazi ikiwa nyepesi mno, kama kukunja nguo, nafasi hubaki na wasiwasi hujiketisha. Ikiwa nzito mno, kama kufunga hesabu za mwisho wa mwezi, benchi hujaa lakini unaondoka umechoka zaidi ya ulivyokuja. Kupaka rangi ndani ya michoro iliyokwisha kuchorwa kumeangukia katikati, na hiyo ndiyo siri yake yote.

Hili limepimwa. Mwaka 2005 watafiti wawili wa Marekani, Nancy Curry na Tim Kasser, waliwachukua wanafunzi 84 wa chuo, wakawatia wasiwasi kwa kuwataka waandike juu ya tukio la kutisha katika maisha yao, kisha wakawagawa katika makundi matatu: wa kwanza walipaka rangi duara lenye nakshi, wa pili walipaka mchoro wa miraba kama ya kitambaa, na wa tatu walipewa karatasi tupu wapake watakavyo. Wasiwasi ulishuka zaidi kwa makundi mawili ya kwanza. Waliopewa karatasi tupu hawakupata nafuu kama hiyo, na ukifikiri utaona sababu: karatasi tupu inadai uamue kila kitu, na mtu aliyechoshwa na maamuzi hahitaji maamuzi mengine. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Otago, New Zealand, walichapisha matokeo ya utafiti uliowahusisha wanafunzi wa kike 115, nusu wakipaka rangi kila siku kwa wiki moja na nusu wakifumbua mafumbo ya mantiki. Wale wa rangi walipungukiwa na dalili za sonona (ugonjwa wa huzuni nzito inayodumu) na za wasiwasi, na wale wa mafumbo hawakupungukiwa.

Hapo ndipo waandishi wa mtandaoni walipochukua mbio wakafika kwenye “sawa na dawa”. Hawakupaswa kufika huko. Washiriki hao walikuwa vijana wa chuo, hawakuwa wagonjwa waliothibitishwa kuwa na sonona. Walifuatiliwa kwa muda mfupi. Na hakuna aliyelinganisha penseli na vidonge. Kilichopungua ni ukali wa dalili kwa siku hizo. Uwezo wa kustahimili magumu, ambao watafiti wa Otago waliupima pia, haukubadilika. Ipo pia tofauti kati ya kupaka rangi peke yako na tiba kwa sanaa, ambapo mtaalamu aliyesomea kazi hiyo hukaa na mgonjwa na kuzungumza naye juu ya kile kilichojitokeza karatasini. Girija Kaimal na wenzake wa Marekani walilinganisha mambo hayo mawili: yote yalipunguza msongo, lakini waliofanya sanaa huru mbele ya mtaalamu walitoka pia na furaha zaidi na kujiamini zaidi. Kwa hiyo, kitabu chako ni mapumziko mazuri, na ukikiita tiba utakidai kisichokuwa nacho.

Kuhusu mume wako, nadhani anaona kitabu chenye picha na penseli kumi na mbili, hivyo anakumbuka darasa la awali. Unaweza kumkumbusha kina mama wa Unguja na Pemba wanaokaa barazani wakisuka ukili uliotiwa rangi, mstari kwa mstari, kwa miezi, au wanaume wa pwani wanaoshona kofia za mkono, tundu moja baada ya jingine, au binti anayekaa saa tatu bila kusogea akichora hina mkononi mwa bibi harusi. Hakuna awaitaye watoto. Mkono unaorudia tendo dogo ndani ya nakshi umewatuliza watu wazima wa mwambao huu tangu zamani. Tofauti ni kwamba wao hubaki na mkeka au kofia, nawe unabaki na karatasi. Kama hilo ndilo linalomsumbua, mweleze kwamba faida imo katika nusu saa yenyewe. Ningependa pia umwambie jinsi unavyolala, maana huenda hajui.

Suala la mandala nalijibu kwa heshima, kwa sababu linagusa imani yako. Ni kweli kwamba nakshi za duara za namna hiyo zina nafasi katika ibada za Wahindu na Wabudha. Watawa wa Tibet huzitengeneza kwa mchanga wa rangi kwa siku kadhaa. Ziliingia katika elimu ya nafsi kwa njia ya daktari wa magonjwa ya akili Carl Gustav Jung wa Uswisi, ambaye alizichora mwenyewe wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia na baadaye akawahimiza wagonjwa wake wazichore. (Ndiye huyohuyo aliyeshuka meli Mombasa mwaka 1925 akasafiri hadi Mlima Elgon.) Vitabu vya madukani kwa kawaida ni kazi ya wachora nakshi, na kupaka rangi peke yake hakumwabudishi mtu. Hata hivyo sitakusukuma. Ukiwa unapaka huku moyo unauliza kama unakosea, tahadhari ileile tunayotaka kuishusha inapanda. Rudi kwenye utafiti wa mwaka 2005: miraba ya kawaida ilituliza sawa na duara. Watafiti wengine waliorudia jaribio hilo mwaka 2012 waliona duara likishinda miraba, kwa hiyo hoja haijafungwa, lakini tofauti hiyo haitoshi kukufanya uugue moyo. Ziache hizo kurasa.

Badala yake nakupendekezea khanga zako. Chukua moja yenye korosho au maua makubwa, itandaze juu ya kioo cha dirisha wakati wa mchana, weka karatasi nyepesi juu yake na ufuate michoro kwa penseli ya kawaida: pindo kwanza, kisha kona moja ya mji. Karatasi ikipauka au kukunjamana, ipeleke duka la steshenari watoe fotokopi kwenye karatasi nene kidogo. Jioni, kabla ya kukaa, chagua penseli tatu tu na nyingine uzifungie. Anza na tumbo la korosho. Ishike penseli mbali kidogo na ncha, ilaze, na uende kwa viduara vidogo bila kukandamiza, tabaka la kwanza liwe hafifu kiasi cha kuonekana karatasi chini yake. Rudia ukielekea ukingoni, ambako rangi iwe nzito zaidi, na usimame karatasi inapoanza kung’aa, kwa maana nta ya penseli imejaa na karatasi haitapokea rangi tena. Maka peni zina wino mkali unaopenya hadi ukurasa wa pili, na hazikupi nafasi hii ya kuongeza kidogokidogo; kwa ajili ya kutulia, penseli ni bora.

Nimezitaja penseli tatu kwa sababu ya kurasa unazochana. Siku nzima kazini kwako kosa la tarakimu moja linaweza kuharibu ripoti ya mwezi, na usiku dawa ya mama ikipitiwa ni jambo la hatari. Akili iliyofunzwa hivyo haijui kwamba imeondoka kazini. Inakikagua kitabu cha maua kama inavyokagua leja. Rangi ikivuka mstari, mwili hupokea taarifa ileile ya hatari. Punguza basi mambo ya kukosea: rangi chache, michoro yenye nafasi pana, na ruhusa ya kuacha ukurasa haujaisha. Usiweke picha kwenye status ya WhatsApp, maana ukishapaka kwa ajili ya macho ya watu umejiongezea mkaguzi. Ukihisi hasira inapanda, weka penseli chini, pumua nje taratibu mara kadhaa, kisha upake sehemu iliyo mbali na kosa. Na kama kwa jioni tatu au nne mfululizo unatoka hapo ukiwa umekasirika kuliko ulivyokaa, acha kwa muda. Wapo watu ambao kupaka rangi hakuwafai, nao hupumzika kwa kupalilia bustani au kutembea ufukweni, na hilo si tatizo.

Chunguza pia macho yako. Kuanzia miaka ya arobaini lenzi ya jicho hukakamaa na kuona karibu huwa kazi, jambo linalomletea mtu kichwa kuuma na hasira bila kujua chanzo. Kama unaisogeza karatasi mbali ili uone mstari, pima macho. Miwani ya kusomea na taa inayotoka upande wa mkono usiopakia huenda vikaondoa nusu ya makosa. Sikushauri uhamie kwenye programu za simu za kupaka rangi, kwa kuwa simu hiyohiyo ndiyo inayoleta ujumbe wa ofisini, na mwanga wake usiku hauusaidii usingizi.

Mama anaweza kupaka, nami naona ni wazo zuri, mradi umuulize kwanza mtaalamu wa fiziotherapia anayemwona. Krayoni nene iliyozungushiwa kitambaa hushikika hata kwa mkono dhaifu, karatasi ibandikwe mezani isiteleze, na dakika kumi zinatosha kwa kuanzia, maana uchovu baada ya kiharusi ni mkubwa kuliko unavyoonekana. Mpe michoro yenye hadhi yake, kama hizo khanga, usimpe vikatuni vya wajukuu. Asipotaka, yaishe.

Sasa yale ya mwisho. Kuamka saa tisa na kushindwa kulala tena, kukosa hamu ya chakula, na kutoona raha katika kwaya uliyoipenda, yote kwa pamoja na kwa muda unaozidi wiki mbili, ni dalili tunazozitazama tunapopima sonona. Siwezi kukuthibitishia ugonjwa kupitia maandishi, na zipo sababu nyingine zinazofanana nayo. Katika umri wako homoni za kuelekea kukoma hedhi huvuruga usingizi, hasa ukiwa unaamka na jasho. Tezi ya shingo isiyofanya kazi sawasawa na upungufu wa damu navyo huleta uchovu na kukosa hamu. Ndiyo maana unahitaji kuonwa ana kwa ana, upimwe damu na shinikizo la damu, uulizwe maswali kwa utulivu. Hili nalo nalisema kwa kuwa nimeona wengi wakichelewa: nafuu ya nusu saa jioni inaweza kumfanya mtu aamini kwamba anajitibu, akaongeza kurasa huku akizidi kukonda. Wewe mwenyewe umeniuliza kama ukazane. Usikazane. Endelea ukipenda, kwa kiasi kilekile, na wiki hii hii uende hospitali.

Ikionekana ni sonona, inatibika. Ya kiasi kidogo mara nyingi huanza kutibiwa kwa mazungumzo yenye mpangilio na mnasihi au mwanasaikolojia, wiki baada ya wiki, mkichambua tatizo mojamoja. Tiba hiyo haihitaji majengo makubwa: huko Harare, tangu mwaka 2006, bibi waliofundishwa kazi hiyo huketi na wagonjwa kwenye benchi nje ya kliniki, na utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba wagonjwa wao walipona zaidi ya waliopata huduma ya kawaida. Daktari akiona haja ya dawa, ujue kwamba huchukua wiki mbili hadi nne, pengine zaidi, kabla hujaona tofauti, na haziachwi ghafla bila ushauri wake. Tafadhali usinunue vidonge vya usingizi duka la dawa kwa kuambiwa na jirani. Vingine huzoesha mwili haraka, nawe usiku unahitajika uamke mama akikuita.

Kuna na jambo ambalo hakuna dawa wala penseli inayoweza kulifanya, nalo ni kumgeuza mama kitandani usiku wa manane ili asipate vidonda. Lazima ndugu wagawane zamu. Waite kaka na dada zako, na mume wako awepo, muandike nani analala kwa mama siku zipi, na asiyeweza kuja achangie fedha za msaidizi. Usiku mbili kwa wiki ambazo sikio lako halina zamu zitakufaa kuliko kitabu kizima cha nakshi, na ningesema hivyo hata kama ningekuwa muuza vitabu hivyo.

Kwa hapo Tanga, anzia Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Bombo au kituo cha afya kilicho karibu nawe, wakuandikie rufaa. Wasomaji wengine wenye hali kama yako wanaweza kwenda Muhimbili, Dar es Salaam, au Mirembe, Dodoma, na walio Nairobi waende Mathari. Ikiwa wakati wowote umewahi kuwaza kwamba ni heri usiamke, au kwamba wengine wangepumzika usipokuwepo, hilo halingojei miadi: mwambie mume wako au jirani siku hiyohiyo, usibaki peke yako, mwende pamoja idara ya dharura.

Watu wengi hufika mbele ya daktari wakasema “nimechoka tu”, wakarudi nyumbani na dawa za maumivu. Kwa hiyo kwa siku nne kabla ya kwenda, andika saa unayolala, saa unayoamka, ulichokula, na kama uliamka na jasho. Chukua na orodha ya dawa zote unazotumia, zikiwemo za asili. Ukikaa kitini, mwambie hivi: “Daktari, namuuguza mama mwenye kiharusi. Kwa wiki kadhaa naamka saa tisa usiku na silali tena, sina hamu ya kula, na mambo niliyoyapenda siyapendi. Naomba nipimwe kama ni sonona au kuna kitu kingine mwilini.”